Ukipiga hema Tiwi, usiende Tsavo kwa siku moja

Desemba ikikaribia, simu kutoka kwa jamaa na marafiki wa bara huanza kuingia. Hema wameshanunua, kiwanja cha kupiga kambi Tiwi au Diani, ufukweni kusini mwa Mombasa, wameshapata, na wakimaliza kuuliza bei ya samaki, swali linalofuata huwa ni hilohilo: Tsavo tunaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo? Mnaweza. Magari ya kuwapeleka hayakosekani, na madereva wanaijua njia. Lakini nawasihi msiende.

Hebu fikirieni safari yenyewe. Kutoka Tiwi ni lazima kwanza uvuke Likoni kwa feri au uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, halafu uingie barabara ya Nairobi na kujipanga pamoja na malori ya bandarini. Hadi Voi, mji wa kuingilia Tsavo Mashariki, ni zaidi ya kilomita 150. Hata ukiingilia lango la Buchuma, ambalo liko karibu zaidi, utakuwa umeamka saa tisa au saa kumi usiku na watoto wamelala vitini. Wanyama huonekana vizuri asubuhi na jioni. Wewe utafika jua likiwa linapanda, utazunguka wakati simba wamejilaza vichakani, kisha ndovu wakianza kushuka majini dereva atakuambia muda umekwisha. Tsavo Mashariki peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Mbuga ya ukubwa huo ni ya kulala, tena si usiku mmoja. Kuikimbilia na kurudi ni kuinyima haki yake, na pesa za petroli zinabaki barabarani bila kugusa kijiji hata kimoja kilicho jirani na hema lako.

Na jirani na hema lako kuna mengi mno.

Kama ni ndovu mnaowataka, Shimba Hills iko pale Kwale. Unakata kona Kombani, unapanda mlima, na hewa inabadilika kabla hujafika mjini. Hifadhi hii iko huko juu tangu 1968, na ndiyo mahali pekee nchini Kenya unapoweza kumwona palahala, swala mkubwa, porini: dume jeusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda kurudi nyuma hadi karibu na mgongo. Nimewaona wageni waliotoka Ulaya kwa ajili ya huyo mnyama, huku watu wa Likoni wanaoviona vilima hivyo siku zote hawajawahi kupanda. Ondokeni mapema kungali na ukungu, maporomoko ya Sheldrick mteremke kwa miguu pamoja na askari wa wanyamapori, na chakula cha mchana mtakila kambini. Mambo mawili ya kukumbuka: malipo ya langoni ni ya mtandaoni, pesa taslimu hawapokei, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa, kwa hiyo kila mtu abebe chupa yake ya kudumu.

Ila kabla hujapanga kwenda popote, uliza maji ya bahari yanajaa na kupwa lini. Hapa ndipo watu wa bara wanapopoteza siku zao, maana hupanga kwa saa ya ukutani ilhali pwani hii huendeshwa na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo siku za bamvua: maji hujaa sana alfajiri na alasiri, kisha hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na bahari ya Tiwi hufunguka hadi kwenye miamba. Siku hizo ndizo za kutembelea madimbwi ya mwambani, likiwemo lile ambalo umbo lake ni kama ramani ya Afrika. Nendeni na kijana wa hapo anayeijua njia, mvae viatu vya kuogelea kwa sababu ya miiba, na akisema turudi, mrudi. Maji yakianza kuingia hayamsubiri mtu kumaliza kupiga picha. Siku za maji mafu mambo yanageuka: bahari haitoki sana, wala haikuachii mwamba wa kutembelea. Siku hizo ziwekeeni nchi kavu.

Maji hayohayo yakipwa, watu hutembea ufukweni hadi mdomo wa mto Mwachema, mpaka wa Tiwi na Diani, ulipo msikiti wa Kongo chini ya mibuyu. Ni msikiti wa mawe wa karne nyingi na hadi leo watu wanasali ndani yake. Jioni za Jumapili mtoni hapo hujaa familia, watoto wanaogelea, kuna mihogo ya kukaanga na madafu. Hapahitaji tiketi wala dereva.

Safari ninayoipigia debe kuliko zote ni Gazi. Ni mwendo mfupi kusini mwa Ukunda, kwa barabara ya Lunga Lunga, matatu zinapita, na kutoka kituoni bodaboda inakufikisha kijijini. Akina mama wa pale wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na wao wenyewe ndio wanaowatembeza wageni. Mara ya mwisho nilikuwa na watoto wa dada yangu. Mama aliyetuongoza alisimama kwenye zile mbao, akachuma kitoto cha mkoko kilichokuwa kinaning'inia, cha kijani, kirefu kuliko kiganja chake, akamkabidhi mdogo wao. "Kiachie, mwanangu, ncha iangalie chini." Mtoto akakiachia. Kikashuka wima, kikachoma tope na kusimama pale pale, kimeshapandwa. Mkoko huotesha mtoto wake ungali umembeba mtini, na ndiyo maana kikianguka huwa tayari kushika ardhi kabla maji hayajarudi. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyetaka kuondoka. Chini yetu kaa wadogo walikuwa wanapunga gando moja, kubwa kuliko lenzake mara nyingi, na samaki wa matopeni wanarukaruka juu ya mizizi.

Ukiendelea mbele unaonyeshwa mchu, muia, mkandaa, kila mti na kazi yake. Kisha unaelezwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unalinda hekta 117 za mikoko hii na kuuza haki za hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko huifyonza, na mapato yakaingia kwenye maji ya bomba na shule za Gazi na Makongeni. Mradi huo umeigwa kwingine duniani. Watu wametoka vyuo vya mbali kuja kuusoma, na mtu aliyelala Tiwi, karibu kiasi hicho, anapita hapo bila kujua. Ukiwapigia simu mapema akina mama watakupikia wali wa nazi na samaki. Piga simu kweli, usifike na watu kumi bila taarifa. Chakula cha nazi hakipikwi kwa haraka.

Mikoko hiyo utakutana nayo tena Mji wa Kale wa Mombasa. Ndiyo sababu napenda mtu aanze Gazi kisha ndipo aende kisiwani. Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe ukainua macho, utaona boriti za mkoko zimepangwa darini, na utaelewa kwa nini vyumba vile ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Huko Gazi umeushika mti ungali na majani, hapa unauona umebeba dari ya watu waliokwisha kufa zamani.

Kwa Mji wa Kale usikodi gari. Panda matatu hadi Likoni, vuka na feri kwa miguu, bila malipo, pamoja na maelfu ya watu wanaoenda kazini. Gari litakukwamisha kwenye foleni, na vichochoro vile havikujengwa kwa ajili yake. Fort Jesus, ile ngome ya zamani, ianzeni asubuhi. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Waingereza wakaifanya jela. Na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Msikose chumba chenye vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697 hapo hapo chini ya ngome, wakati wa mzingiro huo. Jua likikaza, tafuteni kivuli na biriani. Vichochoro na milango ya nakshi vingojee hadi baada ya alasiri, wakati wauza kahawa wanapoanza kugonganisha vikombe na viazi karai vinatoka mafutani. Hapo ni majumbani kwa watu: vaeni nguo za heshima, toeni salamu, na msimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Saa za Ijumaa adhuhuri waachieni watu misikiti yao.

Upande wa Diani, kando ya bahari, kuna Kaya Kinondo, msitu wa wazee wa Kidigo. Ni miongoni mwa kaya, yaani misitu mitakatifu, za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha hiyo ya UNESCO mwaka 2008. Kabla ya kuingia unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, kofia unavua, na unaambiwa yasiyofaa: kukumbatiana na mpenzi wako, kuchukua chochote, hata jani lililoanguka. Kuna wageni wanaonung'unika, na nasema kwa moyo mmoja kwamba wasiokubali masharti hayo wabaki ufukweni. Misitu mingi ya pwani yetu imekatwa ikaisha. Huu umesimama kwa sababu wazee walikataa kulegeza miiko, na ada unayolipa inawasaidia kuendelea kukataa.

Kisiwa cha Wasini na kijiji cha Shimoni sitawaelezea kwa urefu, maana mabango yake yamejaa kila hoteli. Ni safari nzuri, hasa ile bustani ya matumbawe ya akina mama wa Wasini na yale mapango ya Shimoni. Ombi langu ni moja: mkiwa kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite na pomboo wakatokea, mwambieni nahodha apunguze mwendo na asiwakimbize. Nahodha husikiliza abiria anayelipa. Abiria wakipiga kelele za "sogea, sogea", atasogea.

Waliopiga kambi kaskazini, Kikambala au Mtwapa, wana Jumba la Mtwana, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 15, magofu yake yako chini ya mibuyu na bahari iko hatua chache. Wana pia Haller Park kule Bamburi, machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971 hadi yakawa msitu. Kutoka huko, Gazi itawabidi muiweke mwisho wa safari, au mlale huko.

Watu hukimbilia Tsavo kwa sababu ndilo bango pekee wanalolikuta ukutani kambini, limebandikwa na kampuni ya magari inayolipa kamisheni. Siwalaumu wageni. Nawaambia wenye kambi, ambao wengi tunafahamiana: bandikeni jedwali la maji ya wiki hiyo, bei ya bodaboda hadi barabara kuu ili mgeni asitembee peke yake na mabegi, na namba za simu za waongozaji wa Gazi, Kinondo na Wasini. Kazi hiyo inachukua nusu saa na karatasi moja. Nanyi mnaokuja Desemba, mkifika mapokezi msikute karatasi hiyo, iulizieni.