Sikuvuliwa Viatu, Nilivivua Mwenyewe

Nisahihishe jambo moja kabla halijafika Mbeya kwa mama yangu: sikuvuliwa viatu. Nilivivua mwenyewe, mbele ya mashahidi kama thelathini, na soksi moja ilikuwa nzima kabisa. Huyo rafiki yangu anayewarushia picha ya ndala na maneno "Mwalimu kafilisiwa" alikaa kiti cha pili kutoka kwangu na hakufungua mdomo kunitetea. Toleo lake msilipokee kama msahafu.

Chanzo chote ni neno moja la Kiingereza. Pleji.

Mnaonijua mnajua nafundisha tuisheni ya Kiingereza, na mnajua ugonjwa wangu: siwezi kusikia neno likitumika ovyo nikanyamaza. Daladalani nimeshawahi kushushwa kabla ya kituo kwa ugonjwa huu. Hiyo ni siku nyingine.

Turudi Januari, kikao cha kwanza cha harusi ya mdogo wake jamaa yetu. Vikao vya kwanza mnavijua. Harusi iko mbali, mishikaki iko karibu. Mwenyekiti akasema tusimame mmoja mmoja tutaje pleji. Fundi bomba aliyekaa mbele yangu akasema laki mbili, akakaa. Sasa mimi, mwalimu, niseme laki moja? Nikasimama, nikaweka mkono kifuani kama wanafunzi wa Marekani wanaoapia bendera yao asubuhi (kiapo chao kilitungwa mwaka 1892, nao wanakiita pleji hiyo hiyo), nikatamka: "Laki tatu." Makofi. Kuna aliyepiga na kigelegele. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini wahenga hawakuwepo pale na kigelegele kilikuwepo.

Tangu siku ile nimetoa elfu arobaini. Hata hiyo ilitoka kwa sababu katibu alinikuta kwa wakala natoa hela, nikakosa pa kuangalia.

Mengine mnayajua, mmo kwenye magrupu kama mimi. Kila alfajiri katibu anabandika orodha. Mwenye tiki ya kijani ametulia, asiye na tiki anajifanya simu yake imeharibika. Mimi ni namba 17. Kufikia wiki iliyopita namba 16 alikuwa na tiki, namba 18 alikuwa na tiki, nami niko katikati kama jino lililong'oka.

Jana ndiyo kilikuwa kikao cha mwisho. Tabata, bustani ya baa moja, saa kumi jioni. Harusi ni Jumamosi hii. Upande wa binti walileta wawakilishi: shangazi wawili na mzee mmoja mwenye bakora, kwa ajili ya kuoanisha ratiba. Niliingia nikiwa na moka zangu mpya, za ngozi, rangi ya kahawia, nilizonunua mahususi kwa siku ya harusi. Mtu akaniuliza bei. Mngekuwa ninyi mngesema mmepewa zawadi. Mimi nikataja bei, tena kwa sauti, tena nikaongeza elfu thelathini ambazo hazikuwepo. Nikae wazi kwenu: hilo ndilo kosa la kwanza, la neno ni la pili.

Katibu akaanza kusoma madeni. Namba tano kamaliza. Namba tisa kabakiza elfu kumi, akaitoa hapo hapo. Ikafika: "Namba 17, Mwalimu. Pleji laki tatu. Ametoa elfu arobaini. Bado laki mbili na sitini."

Kimya cha kwanza. Kuna vimya vitatu katika hadithi hii, mvihesabu.

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba niingie kidogo kwa upande wa lugha."

"Sisi tupo upande wa hela, Mwalimu. Ila sema."

Nikasimama. Mpango niliupika usiku kucha, na naapa kitandani ulikuwa unaonekana mzuri. Nikawaambia: ndugu wajumbe, ahadi ya kawaida Waingereza wanaiita promise. Unaitoa kwa mdomo, inakaa kwenye masikio ya watu, basi. Pleji ni mnyama mwingine. Neno limetoka Kifaransa cha kale, na mwanzoni pleji alikuwa mtu, yaani mdhamini, yule anayesimama kando yako na kusema huyu asipolipa nikamateni mimi. Baadaye ikawa ni kitu: mali unayoikabidhi ili uaminiwe. Kwa Kiswahili, rehani. Hata Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inaitumia hivyo: umekabidhi mali kama dhamana ya deni au ya ahadi, anayeipokea ana haki ya kukaa nayo mpaka ulipe.

Nikavuta pumzi. Nikamalizia: "Sasa Januari nani hapa alikabidhi rehani? Hakuna. Kwa hiyo, kilugha na kisheria, hapakuwa na pleji. Palikuwa na nia njema."

Ningekaa hapo, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini nikaona watu wawili watatu wanatikisa kichwa kama wanaoelewa, na mwalimu akiona kichwa kinatikisika hujiongezea kipindi. Nikawaambia kwamba zamani Waingereza wakiinua bilauri kumtakia mtu afya, nako waliita kumpleji. Sauti ikatoka nyuma: "Hapo Mwalimu hadaiwi, hiyo chupa ni ya nne." Nikawapuuza. Nikaeleza kwamba karne ya 19 neno likageuka, kusaini pleji kukawa ndiyo kuapa kuacha pombe. Kule Preston, Uingereza, mwaka 1832 watu saba walitia saini hawatagusa kileo chochote. Sauti ile ile: "Mwandikieni na hiyo!"

Na mimi, badala ya kuona gari limekosa breki, nikakanyaga mafuta. Nikasema: "Hata neno lao la harusi, wedding, asili yake ni hiyo hiyo. Kwa Kiingereza cha kale wedd ni rehani. Yaani harusi yenyewe ni kuwekeana rehani."

Shangazi mkubwa wa upande wa binti akaweka soda yake chini. "Samahani baba. Umesema binti yetu ni nini?"

"Si binti, mama. Neno."

"Neno gani?"

"Rehani, mama. Lakini ni zamani sana."

"Binti yetu ana digrii," akasema. Mzee akahamisha bakora kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Hicho kilikuwa kimya cha pili.

Mwenyekiti akafungua mdomo kuokoa jahazi, na hapo ndipo mweka hazina alipokohoa.

Mweka hazina wetu ni mama mtu mzima, mpole, vikao vyote sita sikuwahi kumsikia akizidisha sentensi mbili. Nilichokuwa sijui, na rafiki yangu alikuwa anajua na hakuniambia, ni kwamba mama huyu pia ni mhazini wa vikoba mtaani kwao. Miaka na miaka amepokea friji za watu, cherehani, redio, vitanda vya futi tano kwa sita. Rehani kwake si msamiati. Ni stoo.

Akasema taratibu, kama mtu anayeuliza chumvi: "Mwalimu. Nimekuelewa vizuri? Kwamba ile ya Januari ilikosa rehani tu?"

"Kilugha, ndiyo, Mama."

"Ikiwepo rehani, inakuwa pleji kamili?"

"Kabisa."

"Na anayepokea anakaa nayo mpaka alipwe?"

"Ndiyo, Mam..." Hapo ndipo nilipoisikia nyavu ikifunga.

"Basi weka, mwanangu."

Kimya cha tatu. Hiki nilikisikia mpaka kwenye meno. Mhudumu alisimama na sinia la chipsi mkononi. Muziki wa baa, sijui nani aliupunguza, lakini ulipungua. Mama akachukua khanga iliyokuwa begani, akaitandaza mezani, akailainisha kwa kiganja pembe moja, pembe ya pili, ya tatu, ya nne, kama anayetandika kitanda cha mgeni. Msiniulize khanga iliandikwaje. Sikuisoma.

"Au," akasema kwa huruma, "kama ulivyosema, mdhamini. Yupo anayesimama na wewe?"

Nikamtazama rafiki yangu. Rafiki yangu alikuwa anasoma lebo ya chupa ya maji. Aliisoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma. Miaka kumi na minne ya urafiki, sikuwahi kujua anapenda madini kiasi kile.

Nikatoa simu, nikaiweka kwenye khanga. Mama akaiinua, akaitazama kwa pembeni akiielekeza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya ufa. "Kioo kimekufa. Na chaji?" Nikasema inakaa vizuri. Akabonyeza, ikaonyesha asilimia kumi na moja, ikazima. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama unavyomrudishia mtu mtoto anayelia.

Nikavua saa. Akaiweka sikioni. "Imesimama."

"Betri tu, Mama."

"Tangu lini?"

Nikanyamaza. Ilikuwa tangu Pasaka, na si ya mwaka huu.

Ndipo macho yake yakashuka. Hayakushuka haraka. Yalipita kwenye kifua, kwenye mkanda, kwenye magoti, yakatua. Na mtu yule yule aliyeniuliza bei mlangoni, Mungu anamwona, akasaidia: "Hizo moka kasema ni laki mbili na kumi."

"Laki mbili na kumi," akarudia Mama. "Pungufu kidogo. Ila kwa mwalimu tunaaminiana."

Nyie, mmeshawahi kuvua kiatu mbele ya kamati? Kiatu kipya hakivuki. Ngozi bado imebana, inabidi uiname, ushike kisigino, uvute, na kikitoka kinatoa sauti ya kuaibisha ambayo haikutoka kwenye kiatu ila hakuna atakayekuamini. Cha kulia kikatoka, soksi nzima, nikapata matumaini. Cha kushoto kikatoka pamoja na siri yangu: kidole gumba kiko nje, kimechungulia kama mpangaji anayesikiliza kama mwenye nyumba ameondoka. Nilijaribu kukirudisha ndani kwa kukikunja. Shangazi mdogo wa upande wa binti alikuwa ametulia muda wote, jamani, mama wa watu ametulia tangu saa kumi. Akaona kidole kinavyojikunja, akashindwa. Alicheka akashika meza. Shangazi mkubwa akamfuata. Mzee akacheka mpaka bakora ikaanguka, na nadhani pale ndipo suala la binti kuitwa rehani lilipofutwa, kwa hiyo msiseme sikuchangia kitu kwenye harusi hii.

Mama akaviweka viatu katikati ya khanga, vikitazama upande mmoja, akafunga fundo, akamwambia katibu: "Namba 17, andika pleji kamili." Na kwenye grupu, kabla sijainuka kitini, jina langu likapata alama ya kwanza tangu Januari. Siyo tiki. Katibu ameniwekea kiatu.

Yaliyofuata ni mafupi. Nyumbani singeweza kurudi na soksi, bodaboda walinikataa wawili wakidhani nimetoka ugomvini. Mhudumu akanionea huruma akanipa ndala za choo cha baa. Za choo cha baa mnazijua: wenyewe huzikata pembe na kuzichanganya makusudi ili zisiibwe. Nilipewa moja ya bluu na moja nyekundu, zote za mguu wa kushoto. Ndizo mlizoziona kwenye picha. Mke wangu alinifungulia mlango, akaangalia chini, akafunga mlango. Baadaye alifungua.

Leo asubuhi nimeomba malipo ya mwezi mapema kwa wazazi wa watoto wanne wa tuisheni. Mzazi mmoja akaniuliza: "Ni kwa ajili ya viatu, Mwalimu?" Nimepata laki moja na thelathini, nimeituma kwa Mama saa saba mchana, na ya kutolea juu, nikaandika ujumbe wa adabu: shikamoo Mama, hiyo ni nusu kamili ya deni, naomba unifikirie, Jumamosi ni karibu.

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Muamala nimeuona. Nusu nimeipokea, nusu nakutumia."

Sikumwelewa. Nikadhani ni mambo ya kuandika kwa haraka.

Dakika arobaini baadaye bodaboda akapiga honi nje. Amebeba boksi. Ndani kuna moka moja, imepigwa rangi inang'aa, imejazwa karatasi za gazeti isipoteze umbo. Ya kushoto.

Kwa hiyo kwa sasa ndani ya nyumba hii nina vya kushoto vitatu. Mwenye laki moja na thelathini ya kunikopesha mpaka mwisho wa mwezi aje inboksi. Asiniulize rehani.