Msifute Kabla ya Kuandika

Taa ya injini iliwaka kwenye Mazda Demio yangu, na gari likawa linatetemeka kila nikisimama kwenye foleni. Gereji ya kwanza walipima kwa mashine, wakafuta hitilafu iliyoandikwa kwenye kompyuta ya gari, wakanirudishia funguo. Kesho yake taa ikarudi. Gereji ya pili wakaniambia kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Kote huko hakuna aliyenionyesha namba ya hitilafu iliyosomwa, na hilo bado linanikera. Tunalipia kipimo, halafu majibu yanabaki kwa fundi. Hospitali tungekubali?

Nikaitoa kabatini laptopu kuukuu ya Windows, nikanunua kebo ya USB ya ELM327, ile inayounganisha laptopu na kompyuta ya gari, nikapakua FORScan kutoka kwenye tovuti yao wenyewe. Ni programu ya Ford na Mazda, na kusoma hitilafu ni bure. Kilichonitesa ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitambua kebo. Ukichomeka kebo, Windows huipa namba, COM3 au COM5 au nyingine, na programu isipoelekezwa kwenye namba hiyohiyo itakaa kimya hata kama kila kitu ni kizima. Hilo lilinila jioni nzima. Kebo nyingi zilizoko sokoni ni nakala, nyingine hukata mawasiliano katikati ya kusoma, kwa hiyo msikimbilie ya bei ya chini kabisa. Na zile programu za wizi zinazopitishwa kwenye flashi sizigusi. Kompyuta ninayohifadhia nyaraka zangu siifungulii mlango mtu nisiyemjua.

Soketi ya kuchomekea kebo hiyo, yenye pini 16, iko chini ya dashibodi, upande wa dereva. Nikaweka swichi ON bila kuwasha injini, ikatoka P0302: silinda ya pili haichomi mafuta sawasawa. Namba hiyo haikuambii ununue nini. Inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme, hata nozeli inayopuliza mafuta. Basi nikaandika kila kitu, nikabadilishana koili ya silinda ya pili na ya tatu, nikafuta, nikazunguka mtaa. Taa ikawaka tena, safari hii P0303, yaani silinda ya tatu. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili! Nikanunua koili moja, mtetemeko ukaisha, na kontrolboksi ileile ndiyo ninayoendeshea mpaka leo.

Kwa hiyo ombi langu kwa mafundi na wenye magari: msifute kabla ya kuandika. Taa inapowaka, kompyuta ya gari huhifadhi hali ya dakika ile, yaani mzunguko wa injini, joto la maji, mwendo wa gari. Ukifuta, vyote hivyo vinaondoka pamoja na namba, na anayefuata anaanza kubahatisha. Gereji ya kwanza walinifutia ushahidi wangu, nikawalipa.

Fundi ninayemwendea sasa nampelekea karatasi yenye namba na vipimo vyake. Huisoma kwanza, ndipo anafungua boneti.