Jabali halichorwi kwa kuongeza

Nilikaa karibu wiki tatu nikichora jabali moja la ufukweni, na nilipomaliza likafanana na mto wa kulalia. Vivuli vilikaa mahali pake, kijivu nilikipata sawasawa, hata ule mkanda wa mwani kule chini niliuweka. Lakini jabali lenyewe lilikuwa limevimba kama lililojazwa pamba. Rafiki yangu alilitazama, akasema "zuri", kisha akaanza kuzungumzia mambo mengine. Nikaelewa.

Kosa langu, naona sasa, ni kwamba nilikuwa naongeza. Rangi juu ya rangi, tabaka juu ya tabaka, ilhali kile nilichokuwa nakitazama kimepata sura yake kwa kupunguzwa tu.

Lisogelee jabali la namna hiyo uone. Lile langu lina upande uliojaa vishimo, vimepangana kama sega la nyuki, na baina ya kimoja na kingine pamebaki ukuta mwembamba. Hiyo ni kazi ya chumvi. Maji ya wimbi hupenya kwenye vitundu vidogo vya jiwe. Yakishakauka, chumvi hubaki humo, ikaganda fuwele, na fuwele zikikua husukuma chembe za jiwe mpaka zibanduke. Kishimo kikishapatikana, kivuli chake hutunza unyevu, basi chumvi huzidi kula mle mle. Bandu bandu huisha gogo, na jiwe nalo halikusazwa. Nilitia kidole katika kishimo kimoja, kikazama hadi pingili ya kwanza, na nilipokitoa kilikuwa na vumbi la mchanga.

Ndiyo maana sina imani na mchoraji anayepiga picha kwa simu na kwenda kuchorea nyumbani. Picha hukupa jabali la dakika moja. Maji yakijaa, jiwe ni jeusi na linang'aa. Yakipwa na jua likipiga, linapauka hadi unadhani ni jingine. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alikwenda kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa, Septemba 1886, akikusudia kukaa siku chache. Akakaa zaidi ya miezi miwili, akirudia miamba ile ile katika hali tofauti za bahari na hewa. Nadhani aligundua kwamba siku chache hazitoshi hata kuizoea.

Wapo wanaokwenda kwa njia nyingine, ya kutafuta sura. Mchoraji Mhispania Salvador Dalí alilichukua jabali moja la Cap de Creus, Hispania, akaligeuza kichwa cha mtu katika mchoro wake wa 1929. Yeye alifaulu, na ana sababu zake. Kwa sisi wengine naona ni njia ya mkato: ukishaona pua na mdomo, jiwe lenyewe hulioni tena. Mchongaji sanamu Mwingereza Henry Moore ananivutia zaidi. Aliokota vijiwe na mifupa, akaviweka karakanani, akawa anajifunza jinsi maji na kusuguana kunavyofanya kazi. Hakuhitaji vifanane na kitu.

Basi juzi nikajaribu kinyume. Nilipaka karatasi nzima makaa mpaka ikawa nyeusi tititi, nikaweka penseli kando, nikabaki na kifutio peke yake. Kila nuru niliitoa kwa kufuta. Kwenye kuta nyembamba za vile vishimo nilifuta kwa ncha, taratibu. Kwenye bega la juu, ambako mawimbi yamelamba pakawa laini, nilitumia kiganja. Mikono ilikuwa haitazamiki, na shati nimelitupa.

Mahali pamoja nilisugua mno, karatasi ikatoboka. Sikuibandika. Rafiki yangu alipopita alitia kidole pale pale kwenye tundu, akauliza jabali lenyewe liko wapi.