Kikombe Ambacho Bado Hawakinywi Pamoja

Kila tarehe 29 Juni, Sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, ujumbe wa Patriaki wa Konstantinopoli, wa kwanza kwa heshima kati ya viongozi wa Waorthodoksi, hufika Roma. Na kila tarehe 30 Novemba, Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ujumbe wa Papa huenda Istanbul, Konstantinopoli ya kale, katika Kanisa la Mtakatifu George. Petro na Andrea walikuwa ndugu toka nitoke, na kutembeleana huko kumejengwa juu ya udugu wao. Wageni huketi mahali pa heshima na kusali pamoja na wenyeji wao, lakini ifikapo saa ya Komunyo hawasogei altareni.

Mimi ni Mkatoliki, na nimewasikia Wakatoliki wenzangu wakinung'unika kwamba ibada ya namna hiyo ni maigizo, na kwamba viongozi wangekuwa na ujasiri wangekunywa kikombe kimoja leo na kuwaachia wanateolojia kazi ya kueleza baadaye. Siafiki. Sheria ya Kanisa letu, katika kanuni ya 844, inaruhusu Mworthodoksi aliyeomba mwenyewe na aliye na maandalizi yanayofaa kupewa Ekaristi na padre Mkatoliki. Waorthodoksi kwa upande wao hushika kwamba kikombe kimoja ni tunda la imani iliyokwisha kuwa moja, wala si njia ya kuitafutia. Kiongozi atakayekinywa kabla ya wakati atakuwa amesema jambo ambalo Kanisa lake halijalisema. Tulikwisha kuonja uchungu wa haraka ya aina hiyo: mwaka 1439, kwenye Mtaguso wa Florence, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, maaskofu wa Mashariki walitia saini hati ya umoja, nao waliporudi kwao watawa na waamini wengi wakaikataa.

Kusali pamoja, hata hivyo, ni jambo jingine, na hapo nasimama imara pamoja na viongozi hao. Tarehe 7 Desemba 1965, Papa Paulo VI na Patriaki Athenagoras walifuta katika kumbukumbu ya Kanisa hukumu za kutengana ambazo pande zetu mbili zilitoleana mwaka 1054. Uamuzi huo ulitanguliwa na kukutana kwao Yerusalemu mwezi Januari 1964, walipokumbatiana na kusali. Miaka kumi baada ya tamko hilo, katika Kikanisa cha Sistina, Papa huyohuyo, mzee wa miaka 78, alipiga magoti ghafla mbele ya Metropolita Meliton wa Kalkedoni, askofu mwandamizi wa Kiorthodoksi, na kuibusu miguu yake. Mtu aliyelelewa akijua kwamba kwa karne nyingi ni miguu ya Papa iliyokuwa ikibusiwa hawezi kuliita tendo hilo maigizo. Gharama pia ilikuwepo, kwani baadhi ya monasteri za Mlima Athos, makao ya watawa wa Kiorthodoksi huko Ugiriki, ziliacha kulitaja jina la Patriaki Athenagoras katika ibada, na watawa hao hawakufanya hivyo kwa chuki bali kwa hofu ya kweli juu ya imani waliyokabidhiwa, hofu ambayo sisi Wakatoliki tunapaswa kuiheshimu.

Nikiwa na lawama, basi ni kwa upande wetu, tena kuhusu maneno mawili tu. Tunaposali Nasadiki, yaani Kanuni ya Imani, tunasema kwamba Roho Mtakatifu atoka kwa Baba "na Mwana". Maneno hayo hayakuwamo katika Kanuni ya Imani iliyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381. Mwaka 1987, Papa Yohane Paulo II na Patriaki Dimitrios waliisali pamoja Roma kwa Kigiriki bila nyongeza hiyo, na mwezi Novemba 2025, Papa Leo XIV na Patriaki Bartholomew walikwenda pamoja Iznik, Nisea ya kale, kuadhimisha miaka 1700 ya Mtaguso uliotupatia msingi wa ungamo hilo. Naona uchungu kwamba tunaiachia Kanuni hiyo sura yake ya asili mgeni anapokuwapo tu, kisha Jumapili inayofuata tunarudia yetu. Maaskofu wetu wangeweza kuturuhusu tuisali hivyo parokiani bila kuikana imani yetu hata kidogo, maana Roma yenyewe haikuipokea nyongeza hiyo katika Misa hadi mwaka 1014, na Papa Leo III, aliyekuwa ameombwa aikubali, aliagiza Kanuni ichongwe juu ya mabamba ya fedha kwa Kigiriki na Kilatini, bila maneno hayo, iwekwe penye kaburi la Petro.