Candump na canplayer si vya kuchezea

Ukitaja candump au canplayer, programu za mstari wa amri za Linux za kunasa na kurudia mawasiliano ya kompyuta ndogo za ndani ya gari, mbele ya wahandisi waliozoea programu za madirisha na grafu, jibu huwa lilelile: hivyo ni vijizana vya kujifunzia, kazi yenyewe ina vifaa vyake vya leseni. Hoja hiyo ina msingi, na nitaufikia. Lakini wanaoitoa husahau vifaa hivi vilikotoka. SocketCAN, mfumo ambao candump na canplayer vinautegemea, ulianzia kwenye utafiti wa Volkswagen ukaingia katika kerneli (kiini) ya Linux toleo la 2.6.25, mwaka 2008. Ni kazi ya watu wa magari.

Candump husikiliza basi la CAN, yaani nyaya ambazo kompyuta hizo hutumiana ujumbe, na kuandika kila fremu (ujumbe mmoja) inayopita. Canplayer huyasoma maandishi hayo na kuzirusha fremu upya kwa mpangilio uleule. Ukiongeza -l kwenye candump unapata logi, faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa fremu moja:

(1718092211.402317) can0 1A4#00FF3C0000000000

Wakati hadi maikrosekunde, jina la kiunganishi, kitambulisho cha fremu, kisha baiti zake. Hakuna kingine. Grep, amri ya kutafuta mistari, huchuja kitambulisho kimoja, git, programu ya kutunza matoleo, huhifadhi logi pamoja na msimbo, na mashine ya majaribio huirudia usiku kucha pasipo mtu wa kubofya kitufe. Hata basi lenyewe si lazima liwepo: vcan0=can0 mwishoni mwa amri ya canplayer hupeleka logi ya can0 kwenye kiunganishi pepe.

Faida inayopuuzwa kuliko zote ni kwamba maandishi hukatika. Tuseme moduli fulani (moja ya kompyuta hizo za gari) huganda kila logi moja inaporudiwa mezani, na logi ina mistari 1,000,000. Kwenye basi la kilobiti 500 kwa sekunde lililojaa pomoni, fremu ya baiti 8 huchukua biti 111 hivi bila kuhesabu biti za kujazia, yaani fremu kama 4,500 kwa sekunde. Mistari yote hiyo ni chini ya dakika 4 za mawasiliano. Hakuna atakayeisoma. Ikate katikati kwa head, amri inayotoa mistari ya mwanzo, urudie nusu ya kwanza. Moduli ikiganda, mkosaji yumo humo. Isipoganda, yumo kwenye nusu ya pili, nayo huna haja ya kuijaribu. Kata tena. Ukishakata mara 20 umebaki na mstari mmoja. Wengi huishia kuistaajabia hiyo 20. Mimi kinachonivutia ni muda: nusu, robo, thumni na kuendelea, marudio yote ukiyajumlisha hayafikii urefu wa logi ya awali. Kuwasha upya moduli iliyoganda kutakula muda mwingi kuliko kurudia fremu zenyewe.

Hesabu hiyo huvurugika kosa linapohitaji fremu mbili zilizo mbalimbali, moja ya kuiweka moduli katika hali fulani na nyingine ya kuiangusha. Hapo kila nusu ikiwa peke yake haina hatia, na ukataji utakupeleka kwa mstari usiohusika. Ndiyo maana ule wa mwisho hurudiwa peke yake kwanza kabla ya kumlaumu yeyote. Usipoigandisha moduli, rudi kwenye logi nzima uondoe vitambulisho kimoja kimoja kwa grep -v. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini inaandikika kama skripti ya mistari michache.

Sasa msingi wa wale wengine. Maikrosekunde zile kwenye logi hazirudi kama zilivyo. Kwa kawaida canplayer hulala milisekunde 1 kati ya zamu na zamu, na fremu zote zilizofikia wakati wake hutoka kwa mpigo mmoja. Katika kilobiti 500, milisekunde hiyo ni nafasi ya fremu nne. Kosa linalozaliwa na pengo la maikrosekunde chache halitajitokeza, na kifaa chenye saa yake cha kutuma fremu kitashinda bila ubishi.

Zito zaidi ni kwamba logi haisikilizi. Moduli inayotoa namba ya nasibu na kudai ufunguo unaolingana nayo haitafunguka kwa ufunguo wa jana. Ujumbe wenye kihesabu utakataliwa mara logi inapojirudia kutoka mwanzo, maana kihesabu kitaruka. Hapo panahitajika mwigo unaojibu, na programu za kulipia zina mwigo mzuri.

Ila si kila kasoro ya kunasa ni ya kifaa. Wapo wanaolalamika kwamba candump ilificha hitilafu za basi, wakati hawakuziomba: fremu za makosa huandikwa ukitaja any,0:0,#FFFFFFFF, na fremu zilizodondoka njiani hutajwa ukiweka -d. Tena fremu hizo za makosa ni taarifa zinazotungwa na draiva (programu inayoendesha kiunganishi), kwa hiyo canplayer haiwezi kuzirudisha kwenye waya. Kiungio kilicholegea kitahitaji osiloskopu (kifaa cha kuonyesha umbo la mawimbi ya umeme), au kifaa maalumu cha kuharibu biti kwa makusudi, na hicho hakiji bure na Linux.