Moody na historia isiyolia

Alipoagana na Trinity College, Dublin, mwaka 1977, Profesa wa historia T. W. Moody alitoa mhadhara uliowachoma wengi: historia ni kitu kimoja, visasili ni kingine, na Waairishi wa pande zote mbili, wazalendo Wakatoliki na Waprotestanti watetezi wa muungano na Uingereza, walikuwa wakijilisha visasili. Wakati huo, kule Ireland ya Kaskazini, watu walikuwa wakiuana kwa jina la mababu.

Moody, Mprotestanti wa Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, aliyejiunga na Wakweka, dhehebu la Kikristo linalopinga vita, alikuwa ameianza kazi hiyo zamani. Mwaka 1938, yeye na Robin Dudley Edwards walianzisha jarida la Irish Historical Studies. Nyaraka kwanza, hisia baadaye. Makala za siasa za baada ya 1900 hazikupokelewa kabisa. Woga? Labda, ila vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimemalizika mwaka 1923 tu, na waliopigana walikuwa bado hai.

Mwaka 1989, ndani ya jarida hilohilo, Padri Brendan Bradshaw, mwanahistoria wa Cambridge, aliwashukia Moody na wenzake. Kwake, ubaridi huo uliwafanya wanahistoria waukwepe uchungu wenyewe. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1849 iliua watu wapatao milioni moja, lakini kitabu cha wasomi juu yake kilichogharimiwa na serikali tangu miaka ya 1940 kilitoka 1956. Cecil Woodham-Smith, ambaye hakuwa profesa, alipochapisha chake juu ya njaa hiyo mwaka 1962, umma ulikigombania. Mwaka uliofuata, wanafunzi wa chuo kikuu kingine cha Dublin, UCD, walipewa swali la insha lililokiita riwaya kubwa. Kejeli ya namna hiyo mbele ya maiti milioni! Hapo Bradshaw ana haki.

Ila Moody mwenyewe haenei vizuri katika shtaka hilo. Kitabu chake cha 1981 kinamfuata Michael Davitt, mtoto wa Mayo, magharibi mwa Ireland, ambaye familia yake ilifukuzwa shambani, akahamia Lancashire, Uingereza, na akiwa na miaka 11 mashine ya kiwanda cha pamba ikausaga mkono wake wa kulia, ukabidi ukatwe. Baadaye akaasisi Land League, chama cha kutetea wakulima waliopanga mashamba ya makabaila. Mwandishi asiye na moyo hamchagui mtu huyo akamfanyia kazi miaka mingi.

Ninapoachana na Bradshaw ni kwenye dawa yake. Alitaka masimulizi ya taifa yaheshimiwe kwa sababu yamewafaa watu. Yamewafaa, sawa, lakini Belfast ya mwaka 1977 wenye bunduki nao walikuwa wakiyasimulia.