Panga halitatuokoa na nyoka

Mvua zikinyesha Mombasa, makundi ya WhatsApp ya mitaani hujaa picha za nyoka waliouawa. Kichwa kimepondwa, mwili umenyooshwa juu ya lami, vijana wamesimama pembeni na mapanga yao, na chini ya picha pongezi zinamiminika. Nimechoka na picha hizi. Nyoka aliyeachiwa njia huondoka, aliyebanwa ndiye anayeuma, na hata kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma. Tena tukishamuua tunaenda kulala tukidhani tumemaliza kazi, na kazi yenyewe hatujaianza.

Kwetu Likoni kuna mwembe mkubwa uani. Asubuhi moja kunguru walipiga kelele juu yake mpaka watu wakatoka majumbani. Nilipotazama vizuri nikamwona: wa kijani kibichi, mwembamba, amejinyoosha juu ya tawi, ulimi unaingia na kutoka. Ni yule ndugu wa koboko, “green mamba” kwa Kiingereza, akaaye miembeni na mikoroshoni huku pwani. Sumu yake ni kali sana, lakini hana haja na binadamu. Anatafuta ndege, mayai, popo na panya. Vijana walikwisha leta ngazi. Bibi mwenye nyumba akawazuia: “Mwateni ende zake, wanangu.” Nyoka akateleza kutoka tawi hadi tawi, akapita kwenye mnazi wa jirani, na hatukumwona tena. Hakuna aliyeumia. Kijana akipanda ngazi na panga kumfuata nyoka yule mtini, nani angemkamata akianguka?

Anayenitia hofu mimi ni moma, ambaye wengine humwita kifutu. Huyu hakimbii. Amelala njiani, rangi yake ni ya majani makavu na mchanga, anategemea usimwone. Ukipita gizani na kandambili unamkanyaga. Na wanaomleta karibu na nyumba ni sisi wenyewe, kwa lundo la makumbi tusilolichoma, jaa lililojaa panya, kuku wanaolala chini, na nyasi zilizofika dirishani. Panya akihamia, nyoka humfuata. Tochi na viatu vya kufunika mguu vinalinda watu wengi kuliko panga lolote.

Kisha kuna swila, arushaye sumu machoni. Ikikuingia, maji mengi safi, papo hapo na kwa muda mrefu, bila kusugua jicho, halafu hospitali. Swila mkubwa kuliko wote watemao duniani ni wa kwetu. Wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 2007 na kumpa jina la James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu mwaka 1980. Watu wa Bio-Ken wakiitwa nyumbani kwa mtu huenda kumtoa nyoka bila malipo. Kaunti ya Mombasa, yenye watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya 2019, inastahili kuwa na watu wake wa kazi hiyo, na namba ya simu ambayo kila mzee wa mtaa anaijua.

Tukija kwenye matibabu, najua nitawaudhi wengine. Jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha, kuchanja kwa wembe, kufunga kamba mguuni, kunyonya sumu: hakuna hata moja linalotoa sumu mwilini, na kamba inaweza kumpotezea mtu mguu. “Lakini fulani alipona!” Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 5.4 huumwa na nyoka, na wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Yaani nusu au zaidi ya walioumwa hawakuwa na sumu mwilini tangu mwanzo. Hao ndio wanaolijengea jiwe sifa. Mwenye sumu akipewa jiwe lile lile, saa zinampotea.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikanyaga moma usiku akitoka msalani. Kituo cha kwanza cha afya wakasema dawa hawana, mvusheni kisiwani kwa feri. Nilikuwa nao kivukoni. Mguu umefura mpaka gotini, ngozi imevutika hadi inang'aa, malengelenge yenye damu yamezunguka alama mbili kando ya kisigino. Mamake ameupakata ule mguu, macho yake kwenye taa za feri iliyokuwa bado upande wa kisiwani. Aliishi, lakini vidole viwili vilikatwa.

Hilo ndilo linaloniuma. Sumu hii ina dawa. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, mwili wake ukatengeneza kinga, na kinga hiyo ndiyo hutiwa kwenye chupa. Lakini lazima itokane na sumu ya nyoka wa kwetu. Iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haimfai aliyeumwa na moma wa Likoni. Ile ya Afrika Kusini inamfaa, ila inataka friji, ni ghali, na mgonjwa mmoja huweza kumaliza chupa kadhaa. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake ya nyoka wa Afrika mwaka 2014 kwa sababu haikuwa na faida, na shehena ya mwisho ikaisha muda mwaka 2016. Wanaoumwa ni wakulima, watoto, na watu wa nyumba za udongo, ambao soko haliwasubiri. Ndiyo maana serikali inapaswa kununua, na hapa kwetu afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013.

Basi wiki hii, badala ya kusambaza picha ya nyoka aliyepondwa, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe uulize: dawa ya nyoka ipo? Ni ya nyoka wa Afrika? Friji inafanya kazi umeme ukikatika? Kuna muuguzi wa usiku anayejua kuidunga? Majibu mpelekee mwakilishi wa wadi yako, kwa maandishi, na ubaki na nakala.